Arusi Katika Majira ya Baridi

 

Katika makanisa yetu arusi ni shangwe kubwa, lakini pia ni mzigo unaowatisha vijana wengi. Wapo wachumba wanaopendana kweli, wazee wamekwisha kukutana, mahari imezungumzwa, nayo siku inasogezwa mbele mwaka baada ya mwaka kwa sababu gauni, keki na karamu havijapatiwa fedha. Wengine huchoka kungoja, wakaanza kukaa pamoja kimya kimya bila kula kiapo. Kwa hiyo leo natutazame arusi moja ambayo iliyaeneza sana mambo haya tunayoyaona kuwa ya lazima, tujue yalikuwa na maana gani kwa wenyewe.

Arusi hiyo ilifanyika London, Uingereza, tarehe 10 Februari 1840. Huko Februari ni majira ya baridi: miti haina majani na jua huzama mapema. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha kwa upepo mkali. Bibi arusi alikuwa Malkia Victoria, na bwana arusi alikuwa Albert, mwana wa mtawala wa Coburg katika nchi ya Ujerumani. Walifungishwa ndoa katika kanisa dogo lililomo ndani ya jumba la St James's.

Wawili hawa hawakukutana barabarani. Mama yake Victoria alikuwa dada wa baba yake Albert. Walizaliwa mwaka mmoja, 1819, Victoria mwezi wa Mei na Albert mwezi wa Agosti, tena mkunga aliyewapokea duniani alikuwa yule yule mmoja. Leopold, mfalme wa Wabelgiji, alikuwa mjomba wa msichana na baba mdogo wa mvulana, naye kwa miaka mingi alitamani waoane. Walionana mara ya kwanza mwaka 1836. Mwaka uliofuata Victoria akawa malkia, na kwa muda hakutaka kuharakishwa katika habari za ndoa. Lakini Albert alipokuja tena Oktoba 1839, moyo wake ulikata shauri kwa siku chache tu. Kwa desturi yao hakuna mwanamume awezaye kumposa malkia anayetawala. Basi Victoria mwenyewe ndiye aliyemposa Albert, tarehe 15 ya mwezi huo.

Sasa sikilizeni habari za gauni. Zamani zile bibi arusi wa Uingereza alivaa vazi lake lililo bora, la rangi yo yote, akalivaa tena baadaye. Victoria hakuwa wa kwanza kuvaa nyeupe. Mary, malkia wa Scotland, alifanya hivyo mwaka 1558. Ila picha za arusi ya Victoria zilienea mbali, na watu wakaiga. Kutoka Ulaya desturi hiyo ilisafiri hata ikafika kwetu.

Lakini walioiga rangi hawakuiga sababu. Hariri ya gauni lile ilifumwa Spitalfields, mtaa wa wafumaji huko London. Lesi yake ilitengenezwa kwa mikono katika wilaya ya Devon, na wanawake zaidi ya 200 walipata kazi hiyo, wakati mashine zilipokuwa zikiwanyang'anya riziki yao. Malkia angeweza kuagiza kitu cha fahari kutoka ng'ambo. Alichagua kazi ya mikono ya watu wake.

Kichwani hakuvaa taji la dhahabu, bali shada la maua ya mchungwa. Kifuani alibandika pambo la yakuti samawi alilopewa na Albert. Na miaka sita baadaye, katika ukumbusho wa siku ya arusi, Albert alimpa shada la maua ya mchungwa lililofanyizwa kwa dhahabu, lenye machungwa manne madogo mabichi. Husemwa kwamba yalikuwa mfano wa watoto wanne waliokuwa nao wakati huo. Mnaona? Mapambo yao yalisimulia safari yao wenyewe.

Keki nayo ilikuwa kubwa ajabu, ya uzito wa kilo 136 hivi. Keki hiyo ilikatwa ikaliwa. Ndoa haikuisha. Haikuwa ndoa isiyo na ugomvi. Albert aliona taabu kuwa mume wa malkia asiye na neno la mwisho nyumbani mwake. Lakini walidumu, wakapata watoto tisa. Albert alipofariki tarehe 14 Desemba 1861, akiwa na umri wa miaka 42, Victoria alivaa nguo nyeusi karibu miaka 40, hata kufa kwake mwaka 1901. Alizikwa kando ya mumewe, na shela lake la arusi likawekwa usoni pake.

Ndugu msikilizaji, shela lile halikuwa na thamani kwa sababu ya bei yake. Lilikuwa na thamani kwa sababu ya kiapo kilichotunzwa nyuma yake. Injili ya Yohana yatusimulia arusi ya Kana, wala haisemi hata neno moja juu ya vazi la bibi arusi.

Kwa hiyo, ninyi wachumba, mnapoketi na kamati ya arusi, ulizeni kwa kila jambo: Je, hili linahusu safari yetu, au tumeliona tu kwa jirani? Kama mlifahamiana katika kwaya, kwaya hiyo na iimbe. Kama nyanya ndiye aliyekulea, leso aliyokufungia mgongoni ina haki ya kuwapo siku hiyo kuliko gauni la kukodi. Kama fundi wa mtaani kwenu ana watoto wa kulisha, mpe yeye kazi ya kushona. Na kama hakuna fedha za karamu, chai na mkate baada ya ibada yatosha kuwakaribisha mashahidi.

Nanyi wazazi na wazee wa kanisa, msiwafungie watoto mlango kwa sababu ya keki. Maneno ya kiapo hayataji gauni, wala karamu, wala idadi ya magari. Yanataja watu wawili, shida na raha, na mauti. Hayo yanaweza kusemwa siku yo yote, hata siku ya mvua na baridi.

Bwana awabariki nyumbani mwenu. Kwaherini.