Redio za ridhaa: kompyuta inasikia pale sikio linaposhindwa

Kama umewahi kutafuta stesheni za mawimbi mafupi usiku hapa Kakonko, Kibondo au Kasulu, unaijua mikwaruzo inayomeza sauti ya mtangazaji. Waendesha redio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaowasiliana kwa redio bila kufanya biashara, wamepambana na kelele hizo kwa zaidi ya miaka 100. Silaha zao zilikuwa tatu: antena nzuri, nguvu nyingi na sikio lililozoea. Usichokisikia, hukipati.

Kanuni hiyo sasa imebadilika. Kompyuta huyapima mawimbi maelfu ya mara kwa sekunde, huyageuza kuwa namba, kisha huyapigia hesabu.

Mfano ni FT8, mfumo uliotolewa mwaka 2017 na Wamarekani wawili: Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1993, na Steve Franke. Kila zamu ya kutuma ni sekunde 15. Ujumbe hubanwa kuwa tarakimu 77 za sifuri na moja, lakini zinazotumwa ni 174. Siri iko kwenye hizo za ziada. Kelele zikifuta baadhi, kompyuta hukokotoa zilizopotea kutokana na zilizobaki. Ni kama kusikia mtu akisema "haba na haba". Hata upepo ukimeza mengine, mwisho wake unaujua.

Kwa njia hiyo, ujumbe husomeka hata pale sikio lisiposikia chochote. Wati chache za betri ya sola zinaweza kuvuka bahari.

Lakini FT8 haibebi sauti, na ujumbe wa maneno yako mwenyewe hauzidi herufi 13. Huwezi kueleza kwamba daraja limekatika na mama mjamzito amekwama ng'ambo. Kwa dharura kama hiyo, bado anahitajika mtu mwenye redio ya sauti na anayejua kuitumia.

Simu yako nayo hufanya hesabu za aina hii kila unapopiga. Ukitaka kurusha mawimbi ya ridhaa, anza na leseni ya TCRA. Alama za wito za Tanzania huanza na 5H. Kurusha bila leseni ni kosa.