Mlima Kenya na Hekima ya Mwendo wa Pole

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Huenda hakuna mahali ambapo methali hii huthibitika waziwazi kama katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, iliyotengwa mwaka wa 1949 na kutambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 1997. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini mgeni wa mlima huu hana budi kuupanda polepole, na tija anayoipata kwa kufanya hivyo.

Vilele vyake mashuhuri ni vitatu: Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985). Majina hayo yanatokana na malaiboni wa Wamaasai. Batian na Nelion huhitaji kamba na ujuzi wa kukwea miamba, ilhali Lenana hufikiwa kwa miguu. Hapo ndipo Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya huru mnamo Desemba 1963.

Wepesi huo, hata hivyo, ndio mtego. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Karibu na kilele, kila pumzi humpa nusu na ushei tu ya oksijeni aipatayo mkazi wa Mombasa. Mwili huzoea hali hiyo kwa siku kadhaa, si kwa saa. Anayeharakisha huumwa na kichwa, hupatwa na kichefuchefu na kukosa usingizi. Akipuuza dalili hizo, maji yaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, naye akafa. Ujana na misuli si kinga. Dawa ya hakika ni kushuka mara moja.

Kwa hiyo, anayepitia Sirimon na afanye hivi: alale Old Moses (mita 3,300), ikiwezekana siku mbili, mchana apande juu zaidi kisha arudi kulala chini, ndipo aelekee Shipton's (mita 4,200). Aidha, asipande peke yake, wala asisahau mavazi mazito, kwani usiku maji huganda.

Isitoshe, mwendo wa pole humfumbua mtu macho. Msituni atawaona mbega wakirukaruka juu ya mierezi, na pengine kinyesi kibichi cha tembo njiani. Juu ya msitu kuna nyika ya vichaka, kisha bonde la Mackinder lenye lobelia kubwa, ambazo usiku hufumba majani yake ili kukinga chipukizi dhidi ya baridi. Miongoni mwa mawe, pimbi huota jua bila kumwogopa binadamu.

Hatimaye, akiwa Lenana alfajiri, ataitazama barafuto ya Lewis, yaani bonge la barafu ambalo awali lilidumu mwaka mzima. Imenywea mno kutokana na ongezeko la joto duniani, na yaliyosalia ni mabaki tu. Mlima huu ni chemchemi ya Tana na Ewaso Ng'iro, mito inayowanywesha watu wasiowahi kuuona.

Mwanafunzi mwenzangu, uupande mlima huu polepole, lakini usichelewe kuuzuru. Wewe waweza kusubiri, barafu haisubiri.