Tergat na Sahani ya Chakula cha Shule

Kila mwanamichezo mashuhuri anapojitokeza kuomba watu wachangie jambo fulani, huzuka swali moja: yeye mwenyewe ana fedha, mbona asitoe zake? Nimelisikia swali hilo ndani ya matatu, na nimelisikia studioni pia. Si swali baya. Ila mara nyingi anayeliuliza hajapiga hesabu.

Tumchukue Paul Tergat. Wengi twamkumbuka kwa mbio zake. Alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, tangu 1995 hadi 1999. Kule Sydney mwaka 2000, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alimpiku katika mita 10,000 kwa sekunde 0.09 tu, na waliokuwa mbele ya televisheni walishika vichwa. Septemba 2003, mjini Berlin, akaweka rekodi ya dunia ya marathoni: saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Miezi michache baadaye, Januari 2004, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, yaani WFP, likamteua kuwa balozi wake wa kupambana na njaa.

Mashirika huteua mabalozi wengi, na baadhi yao huwa ni picha tu ya kutundika ukutani. Tergat ana jambo ambalo wengine hawana. Alizaliwa mwaka 1969 huko Baringo, sehemu ambako mvua ikikosa misimu miwili, mbuzi huanza kufa na watu hufuata. Shule yake ya msingi, Riwo, ilikuwa mwendo wa kilomita kadhaa kwa miguu. Mtoto aliyelala njaa atakwenda leo, labda na kesho; keshokutwa atabaki nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, WFP ilianza kutoa chakula cha mchana shuleni hapo. Mwenyewe amesema hadharani, tena zaidi ya mara moja, kwamba chakula hicho ndicho kilichomweka darasani.

Hapa pana siri ya mpango huu ambayo sisi wa mjini hatuioni upesi. Chakula cha shule hakishibishi tumbo tu, bali pia hubadili uamuzi wa mzazi. Katika nchi kame, mtoto wa miaka minane ana kazi: huchunga mifugo, huchota maji, na akiwa msichana hulea mdogo wake. Kumpeleka shule ni hasara ya leo kwa faida isiyojulikana. Akipewa githeri huko, hasara hiyo hupungua, maana nyumbani kuna mdomo mmoja usiosubiri sufuria ya mchana.

Sasa turudi kwenye fedha. Hapa Kenya mpango wa chakula shuleni umewahi kulisha watoto zaidi ya milioni moja. Tuseme sahani moja ni shilingi kumi, bei ambayo mama yeyote anayekwenda sokoni ataicheka. Hiyo ni shilingi milioni kumi kwa siku moja ya masomo. Kwa siku 180 ni shilingi bilioni 1.8, na hapo hatujataja lori, ghala wala magunia yanayoliwa na panya. Hakuna mwanariadha mwenye mfuko wa namna hiyo. Angetoa kila alichoshinda, watoto wangekula kwa muda, kisha yeye na wao wangebaki mikono mitupu.

Ndiyo maana kazi aliyopewa ilikuwa kubisha milango ya wenye hazina. WFP, ijapokuwa ni ya Umoja wa Mataifa, haina ada ambayo nchi wanachama zinalazimika kulipa. Huishi kwa michango ya hiari ya serikali, makampuni na watu binafsi. Waziri wa nchi tajiri huletewa takwimu za njaa kila wiki, naye amezizoea. Bingwa wa dunia akiketi mbele yake na kumwambia kwamba alikula chakula kile kile, takwimu hizo hupata sura ya mtu.

Lakini hiari ni hiari. Vita vikizuka kwingine, mchango huhama, nao watoto wa Baringo hawajaacha kuona njaa. Kwa maoni yangu, harambee ya nyota yeyote ipimwe kwa hilo: baada ya kamera kuondoka, nani ananunua mahindi ya muhula ujao? Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kupeleka fedha kwa baadhi ya shule ili zinunue chakula kwa wakulima wa karibu. Wilaya kame kabisa zilibaki mikononi mwa WFP kwa muda zaidi, hadi mwaka 2018 mpango wote ulipokabidhiwa serikali.

Tangu hapo mlango wa kubishwa umekuwa hapa hapa Nairobi, kwenye makadirio ya bajeti. Shule zilipokuwa zikipelekewa fedha, zikichelewa, mwalimu mkuu alikopa kwa mwenye duka au aliwarudisha watoto nyumbani saa sita. Na hata zilipofika kwa wakati, zilinunua nafaka, maharagwe na mafuta. Kuni, maji na ujira wa mpishi, katika shule nyingi, vilitoka kwa wazazi wale wale.