Bembea Haitibu Usonji, Lakini Usiing'oe

Mzazi mwenye mtoto wa usonji, au mtoto ambaye hisi zake zinamsumbua kwa namna nyingine, hakosi wa kumshauri. Muuza vifaa ana lake, jirani ana lake, bibi mzaa baba ana lake. Haya hapa ni baadhi ya yanayosemwa sana kuhusu vifaa vya kuchezesha mwili nyumbani.

"Mtoto anayezunguka-zunguka kutwa nzima ni mtukutu tu."
Si kweli. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo, vinyweleo vya hisi vikapinda, na ubongo ukajua mwili unazunguka. Kando yake kuna vijifuko viwili vinavyopima kwenda mbele, kurudi nyuma, kupanda na kushuka. Misuli na viungo navyo huleta habari zao kila unaposukuma au kuvuta kitu. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa California, alijenga katika miaka ya 1960 na 1970 nadharia kwamba wapo watoto ambao ubongo wao hupata taabu kuzipanga habari hizi. Nadharia yake ingali inabishaniwa. Lakini kwamba wenye usonji wengi huhisi mambo kupita kiasi, au chini ya kiasi, hilo limo katika mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 2013. Mtoto wa namna hii anapozunguka, mwili wake unatafuta kitu. Kumchapa hakuuondolei mwili hitaji lake. Kunamwongezea hofu tu.

"Bembea inatibu usonji."
Si kweli, na anayekuuzia ahadi hiyo anakuonea. Hata tiba kamili ya hisi, inayotolewa na mtaalamu, ina ushahidi unaovutana. Mwaka 2014 utafiti wa Marekani wenye watoto 32 ulionyesha maendeleo katika malengo ambayo familia ziliyataka. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, watoto 138 wa miaka 4 hadi 11, na tiba hiyo haikuushinda uangalizi wa kawaida katika kupunguza tabia zinazosumbua. Sasa bembea peke yake, sebuleni, itatibu nini? Inachoweza kumpa mtoto anayeipenda ni furaha, na pengine utulivu kabla ya kula au kulala. Kwangu mimi hilo linatosha kabisa kuifunga.

"Kila mtoto hutulia akibembezwa."
Si kweli. Kubembea polepole, mbele na nyuma, huwatuliza wengi. Kuzungushwa huwachangamsha, na wengine huwaumiza. Mtazame usoni. Akipauka, akitoka jasho, akipiga miayo mfululizo au akishika tumbo, simamisha. Kizunguzungu kinaweza kuja hata baada ya kushuka. Asiyetaka kupanda asipandishwe kwa nguvu: anayeogopa miguu yake kuacha ardhi anaogopa kweli.

"Bila vifaa vya kununua huwezi kumsaidia."
Si kweli. Kusukuma, kuvuta na kubeba hulisha misuli na viungo, na nyumba zetu zimejaa kazi hizo: kutwanga kwenye kinu kwa mchi unaomfaa, kubeba dumu dogo la maji, kukamua nguo, kuvutana kamba na kaka yake, kujiviringisha juu ya godoro. Ukitaka mpango wa mtoto wako hasa, mtafute mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Vyuo vya KCMC kule Moshi na KMTC nchini Kenya huwafundisha wataalamu hao.

"Blanketi zito humletea usingizi."
Halijathibitishwa. Katika jaribio la Uingereza la 2014, watoto 67 wenye usonji hawakulala zaidi kwa sababu yake, ingawa wengi walilipenda. Anayelipenda alitumie, mradi aweze kulitoa mwenyewe na kichwa kisifunikwe kamwe.

"Trampolini yenye wavu ni salama."
Si kweli. Madaktari wa watoto wa Marekani hawaishauri nyumbani, wavu uwepo usiwepo. Takribani robo tatu ya majeraha hutokea watu zaidi ya mmoja wakirukaruka pamoja, na walio chini ya miaka 6 ndio walio hatarini zaidi kuvunjika. Ikiwa tayari unayo, aruke mmoja mmoja, mtu mzima akiwa hapo hapo.

"Ndoano ya bembea inayobeba uzito wa mtoto inatosha."
Si kweli, na hapa ndipo ninapowasihi wazazi. Mtoto wa kilo 25 akipanda hadi nyuzi 60 kutoka wima, anapopita chini kamba hubeba mzigo wa kama kilo 50, tena na tena. Dari ya jasi au ya mbao nyembamba haihimili. Funga kwenye boriti imara au tawi bichi nene, tandika godoro chini, na ujining'inize wewe kwanza. Kamba zikague kila wiki, hasa pale zinaposuguana na mti. Zikianza kuchanika nyuzi, zitupe. Mchezo ukiisha, zipandishe juu asikozifikia, zisije zikamnasa shingo.