Marhamu Huingiaje Ngozini?

Kila kunapopambazuka Gihundwe, kwenye vilima vinavyolitazama Ziwa Kivu, akina mama wenye watoto migongoni hushika njia ya hospitali, na katika msafara huo hawakosekani waliopeleka ukurutu, upele au choa. Mama hurudi nyumbani na tyubu ndogo ya marhamu. Zikipita siku tatu na mwasho haujakoma, maneno huanza: dawa hii haina nguvu, jirani anayo iliyo kali zaidi. Na kwa kuwa mji uko mpakani, ng'ambo ya mto Rusizi ikiwa Bukavu, kopo lisilo na maelezo halikawii kupatikana.

Kabla ya kuilaumu marhamu, yafaa kuijua ngozi yenyewe. Ngozi imeumbwa kuzuia, si kupokea. Utando wake wa juu kabisa, ambao unene wake katika sehemu nyingi za mwili ni kama mikroni 10 hadi 20 tu, ni chembe zilizokufa zilizopangwa mithili ya matofali, na katikati yake mafuta yamekuwa udongo wa kushikiza. Mwaka 1967 wataalamu Feldmann na Maibach wa Marekani walipima ni kiasi gani cha haidrokotisoni hupenya. Katika mkono, chini ya kiwiko, iliingia kama sehemu moja tu kwa mia. Paji la uso lilipitisha mara 6 ya kiasi hicho, taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Unyayo ulipitisha sehemu ya saba tu. Kumbe dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, ni hafifu mguuni na ni kali usoni.

Liko na tatizo jingine. Dawa nyingi haziyeyuki vizuri majini, na punje isiyoyeyuka hubaki juu ya ngozi hata ifutwe na nguo. Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi wa fuwele ndogo mno. Fuwele ni punje zenye umbo kama zile za chumvi na sukari. Dawa husagwa katika maji pamoja na vigololi vigumu hadi punje zake zipungue chini ya nanomita 1,000. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Kila mpishi ajua kwamba sukari laini huyeyuka upesi kuliko ya mawe. Fuwele hizi huyeyuka upesi, tena huyeyuka kwa wingi zaidi, na hung'ang'ania ngozi. Ili zisigandamane tena, hutiwa kitu chenye tabia ya sabuni. Watafiti wa Berlin wameona pia kwamba punje za nanomita 600 hadi 700 hivi huzama sana katika vishimo vya vinyweleo, zikakaa humo kama akiba.

Vidonge vya namna hii viliidhinishwa Marekani mwaka 2000, navyo ni vya sirolimasi, dawa ya waliopandikizwa figo. Upande wa ngozi, waliotangulia kufaidi si wagonjwa bali wapenda urembo: mwaka 2007 kampuni ya Juvena ilitoa krimu yenye fuwele za rutini. Mtu aweza kusikitika kidogo, ila pesa ndiko ziliko.

Hata hivyo mlango unaofunguliwa kwa dawa haubagui mgeni. Mkorogo wa kujichubua hupita papo hapo. Zebaki ikiingia huharibu figo. Klobetasoli, ambayo ni dawa halali kwa cheti cha daktari, ikipakwa usoni miezi mingi hukondesha ngozi, na ikizidi huzilemaza tezi za mwilini. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga vipodozi vya zebaki viondolewe, na nchini Rwanda msako wa mafuta hayo ulipamba moto tangu mwishoni mwa 2018.

Mtoto mchanga yumo hatarini kuliko wote. Ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake, na nepi huifunika marhamu kama bandeji, ikaisukuma ndani. Tena kuna hila ya choa: kikipakwa dawa kali ya jamii ya kotisoni, wekundu na mwasho hupungua, mama akafurahi, kumbe kuvu inaenea chini kwa chini. Choa chahitaji dawa ya kuvu, tena iendelee kupakwa wiki moja au mbili baada ya alama kutoweka.

Marhamu ipakwe nyembamba, juu ya ngozi iliyooshwa na kukaushwa, kwa siku zote alizotaja muuguzi. Na kama kopo la jirani limekwisha kutumika, lisifichwe kwa aibu. Lichukuliwe pamoja na mtoto hadi hospitali, muuguzi alione.