Kansa ya Figo Ikifika Ubongoni



Mama mmoja wa Kitahana alinijia na swali gumu. Mumewe alitolewa figo moja kwa sababu ya kansa, akapata nafuu, akarudi shambani. Baada ya miaka miwili akaanza kuumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, mkono wa kulia ukalegea, mwisho akaanguka kifafa. Ndugu wakasema amerogwa. Kumbe kansa ile ile ilisafiri kwa njia ya damu hadi kwenye ubongo. “Nesi, tuuze ng’ombe tumpeleke kwenye mionzi? Atapona?”

Mionzi ni nguvu isiyoonekana, kama ile ya eksirei lakini kali zaidi, nayo huharibu chembe za kansa. Haichomi kama moto, wala mgonjwa hasikii maumivu akiwa mezani. Kichwa kizima kikitibiwa, mara nyingi huenda mara 10 katika wiki 2. Nywele hunyonyoka, huchoka, pengine husahausahau. Akirudi nyumbani hana hatari kwa mtu. Wajukuu na wakae mapajani pake.

Lakini kansa ya figo ni kaidi. Vipimo vidogo vidogo vya mionzi haviiwezi sana. Ndiyo maana, uvimbe ukiwa mdogo na katika sehemu chache, wataalamu hupenda kuulenga wenyewe kwa kipimo kikubwa, njia iliyoanzishwa na Profesa Lars Leksell wa Sweden. Muulizeni daktari wa mionzi kama mgonjwa wenu anafaa.

Nilimjibu yule mama kweli: mara nyingi mionzi haiondoi ugonjwa wote, bali hupunguza maumivu na kifafa na kuongeza muda. Akiwa bado anatembea na kula, msikawie. Akiwa amelala kitandani kwa muda mrefu, safari ndefu yaweza kumtesa bure; afadhali atulizwe nyumbani kwa dawa, na Padri aitwe mapema, si dakika ya mwisho. Vidonge vya deksamethasoni hupunguza uvimbe wa ubongo, ila msiviache ghafla.

Mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na kwetu karibu zaidi ni Bugando, Mwanza, kwa njia ya Kakonko na Nyakanazi. Chukueni barua ya rufaa, na jibu la maabara la figo lililotolewa, hata likiwa la zamani. Yule mama alikuwa amelitunza ndani ya Biblia.