Kizunguzungu na fidia: Madaktari humtambuaje anayetia chumvi?

Mfanyakazi aliyeumia kichwa kazini anaweza kudai kwamba hawezi tena kusimama bila kuyumba. Jeraha la aina hiyo halionekani kwa macho, na mara nyingi hata picha za ubongo hazioneshi kasoro yoyote. Ndiyo maana nchini Marekani na Kanada, maamuzi kuhusu fidia yake hutegemea kwa kiasi kikubwa vipimo vya daktari.

Kipimo kimojawapo hutumia jukwaa maalumu lililotokana na kazi ya mtafiti wa Marekani, Lewis Nashner. Mgonjwa husimama juu yake akiwa amefungwa mikanda ya usalama, huku mashine ikirekodi jinsi uzito wa mwili wake unavyohama.

Ili mtu asianguke, ubongo hutegemea taarifa kutoka macho, miguu na sikio la ndani. Jaribio lina hatua 6. Katika hatua ya kwanza jukwaa limetulia na macho yako wazi. Katika zile za mwisho jukwaa huinama kwa kufuata mwili, na macho hufumbwa au hupotoshwa, hivyo mgonjwa hubaki akitegemea zaidi sikio la ndani.

Kwa kawaida, mgonjwa wa sikio la ndani huyumba zaidi kadiri hatua zinavyokuwa ngumu. Anayetia chumvi huweza kuyumba mno katika hatua nyepesi, kisha akamudu vizuri zile ngumu. Dalili nyingine ni matokeo kutofautiana sana jaribio linaporudiwa, au mtu kusimama imara anapodhani kwamba bado hajaanza kupimwa.

Hata hivyo, matokeo hayo si ushahidi wa udanganyifu. Hofu ya kuanguka na wasiwasi mkubwa vinaweza kuleta picha ileile. Mwaka 2017, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mizani ya mwili iitwayo Bárány ilichapisha vigezo vya kutambua kizunguzungu kinachodumu kwa miezi 3 au zaidi, ambacho huweza kumsumbua mtu hata kama vipimo vyake ni vya kawaida.

Kwa hiyo mashine huonesha tu kwamba kuyumba hakulingani na jeraha linalodaiwa; haioneshi nia ya anayeyumba. Daktari akiharakisha kuandika neno "mdanganyifu", mgonjwa wa kweli anaweza kukosa matibabu pamoja na fidia yake.